Ndimi Nyekundu

Jumatatu, darasa la tatu, Kisauni.
Nikawaambia: toeni ndimi.
Zikatoka arobaini na tatu,
arobaini nyekundu, rangi ya mabuyu ya langoni.
Wale watatu hawakuwa na shilingi tano.

Nikachora jino ubaoni, kubwa kama mlango,
nikalitoboa tundu kwa kidole.
“Humu sukari hujenga bila kuomba ruhusa.
Mchana hulala. Usiku huamka na nyundo.”
Mwinyihaji akashika shavu.
Nyundo ile anaijua.

Nilifundisha yote:
mswaki asubuhi, mswaki kabla ya kulala,
na asiye nao atafune kijiti cha mwarobaini
mpaka ncha ichanue.
Mikono: kiganja, mgongo wake, baina ya vidole,
na kucha, maana minyoo hupanga humo.
Kando ya choo tulitundika kibuyu chirizi,
dumu la lita tano, kamba, na kijiti cha kukanyaga.
Maji ni ya kisima, ya chumvi,
sabuni hugoma kutoa povu,
nao huisugua mpaka ikubali.

Kisha nikasema lile nililoliandaa tangu Ijumaa:
“Kuanzia leo, mabuyu basi.
Achari basi. Barafu za rangi, basi.”

Vichwa vikageuka, kimoja, kingine,
hadi safu ya nne, dirishani,
alipoketi Mwanamkuu binti Saumu.
Saumu ndiye mwenye sinia.

Hakulia. Alisimama wima, kama tulivyomfunza.
“Mwalimu, na daftari langu je?
Daftari langu ni mabuyu.
Viatu hivi ni achari.
Na weye, chai yako ya saa nne
yatiwa vijiko vinne. Nimehesabu.”

Darasa likaangua kicheko.
Nikaitafuta chaki mfukoni, nayo imo mkononi.
Nilikuwa nimechora jino;
mama mwenye jino sikumchora.

Saa saba nikaenda langoni.
Saumu akanipindulia ndoo nikae.
Tukapiga hesabu mchangani kwa kijiti:
faida ya ratili ya mabuyu,
faida ya fungu la mapera ya Kongowea,
ya ndizi, ya matango kwa ndimu na pilipili.
Mapera yakashindwa kwa shilingi thelathini.
“Hizo thelathini,” akasema, “atazilipa nani?”
Sikujua.
Hata leo nababaisha.

Lakini Jumatano sinia lilikuwa na pande mbili:
huku mabuyu, si mengi,
huku embe mbichi, matango, mapera yaliyopasuliwa robo,
na chini yake dumu la maji matamu na kipande cha sabuni,
kunawa ni bure kwa anunuaye tunda.
Wazo la dumu ni la Mwanamkuu.
Povu lilifura hadi viwikoni;
wengine walisahau tunda, wakarudi kunawa tena.

Nami saa nne nanywa chai ya kijiko kimoja,
inapita kooni kama deni,
na kule dirishani, safu ya nne,
kuna mtu ananihesabia.

Ijumaa: toeni ndimi.
Thelathini na moja nyekundu.
Nikaandika, wala sikuipamba.
Mwinyihaji akaachama zaidi ya nilivyomwomba.
Jino la nyundo limekwenda,
na ndani ya pengo, chini kabisa,
ncha nyeupe imechungulia,
haijaonja kitu bado.