Gari Limekula

Oktoba haibishi hodi Lubumbashi.
Inafungua mlango wa Karina, inakaa kiti cha mbele
na viatu vyake vyekundu vya vumbi.

Nyuma nimepakia keki ya ghorofa tatu,
harusi ya watu wa Kampemba, saa nane kamili.
Nabonyeza kitufe.
Klima inakohoa, inanipumulia usoni
pumzi ya mtu aliyetoka kunywa mchuzi.
Kufika mzunguko wa pili, krimu inatoka jasho.
Kufika ukumbini, bwana arusi wa sukari
amemlalia bibi arusi kifuani
kabla padri hajasema neno.

Nililipwa nusu.

"Tia gazi," kila mtu daktari:
shemeji, mlinzi wa jirani, muuza vocha,
"tia gazi" kama mtu anavyosema "tumwachie Mungu."
Nimetia mara mbili mwaka huu.
Ilikaa wiki mbili, ikaenda zake bila kuaga.

Ngosa wa Katuba hakutaja gazi.
Aliinama mbele ya gari kama anayesalimia wakwe,
akamulika kwa simu, akacheka kidogo.
"Mama, gari lako limekula."
Na kweli. Mbele ya radiateri, katika mapezi ya kondensa:
panzi wa barabara ya Kipushi,
tope la masika ya mwaka juzi,
maua ya mjakaranda yaliyogeuka majani ya chai,
unyoya wa kuku nisiyekumbuka kumgonga.
Aliosha kwa maji ya upole, toka ndani kwenda nje.
"Ukitumia nguvu mapezi yanalala,
na yakilala hayaamshwi."

Feni ilikufa kwa waya mmoja,
mwembamba kuliko uzi wa kifungo.
Akapaka povu la sabuni kwenye viungio vya bomba,
tukangoja, wawili tumechuchumaa,
mpaka tone moja likavimba, likatutazama
kama jicho la kinyonga.
Hapo ndipo pesa yangu ilipokuwa ikitokea:
kipete cha mpira, bei ya mkate.
Kisha mpira wa maji moto, uliopita kimya chini ya dashibodi,
akauzibia njia.
"Huwezi kupoza chai na jiko linawaka chini yake."

Mwisho akafungua sanduku nyuma ya droo ya mbele.
Kilichotoka kilikuwa cheusi, kinanata.
Akanusa. "Hapa nani alivuta kiko?"

Baba.
Jumapili, vioo vimefungwa, redio inatangaza mpira,
moshi unazunguka, hautoki.
Alisimama mbele ya tanuru la shaba miaka ishirini na sita;
nikilalamika alinitazama kwa huruma:
"Hili nalo unaliita joto?"
Kitufe cha baridi hakukigusa hata siku moja.
Kumbe moshi wake ulikuwa umepata chumba humo ndani,
unaishi bila kodi,
na mimi miaka yote nikidhani ni vumbi.

"Nioshe?" Ngosa ana ndoo mkononi.
Juu ya mabati, bomba refu la kiwanda
na mlima mweusi wa masalio yake, papo hapo ulipo.
"Ngoja."
Niliinama, nikanusa mara moja,
kama mtu anayeonja uji wa mtoto.
"Osha."

Jumamosi iliyofuata, Ruashi, saa saba.
Kwanza nilifungua vioo vyote, joto lipate njia,
nikaondoa pazia la maboksi kwenye kioo cha mbele,
nikafunga, nikabonyeza.
Kipimajoto cha jikoni kikashuka: ishirini, kumi na tano,
tisa.
Keki imesimama wima kama askari wa gwaride.

Mama pembeni yangu akajifunika kitenge.
Njia nzima hakusema.
Kwenye reli akageuka, akatazama kiti cha nyuma,
akarudi kutazama mbele.
"Fungua kidogo," akasema.
"Baba yako hapendi baridi."

Nikashusha kioo, upana wa vidole viwili.
Krimu itavumilia.