Chumvi Iko Wapi?

Siwezi kukudanganya, Bwana,
wewe uliyezihesabu nywele zangu, hata zilizobaki kwenye kitana:
leo asubuhi sikukushukuru.
Maji ya ndoo yalikuwa yameganda,
nikayapasua kwa mpini wa mwiko,
na neno lililonitoka halikuwa zaburi.

Mimi Haykanush, mke wa Vardges aliyekuwa fundi viatu,
nimekula chumvi nyingi,
na iliyo nyingi humo niliikamua machoni mwangu mwenyewe.
Kontena hili la chuma waliliteremsha kutoka kwenye lori.
"La muda tu, mama," walisema, "msimu mmoja wa baridi."
Msimu ule haujaisha.

Ilikuwa Desemba. Ardhi ya Gyumri iligeuka ubavu
mara moja tu, kama mlevi kitandani,
na shule ya ghorofa tatu ikakaa chini.
Shoghik alikuwa darasani.
Alikuwa amesahau skafu yake.
Nilikuwa njiani kumpelekea.

Sasa habari ya leo.
Padre Mesrop amekuja kubariki nyumba,
theluji hadi magotini,
kiatu kimoja amekifunga kwa waya wa simu.
Nikauziba mlango kwa mwili wangu.
"Padre, hapa si nyumba. Nenda kwa wenye kuta."
Yeye anakung'uta buti.
"Chumvi iko wapi?"

Mkate ulikuwepo, wa juzi. Maji, yale yale ya kupasua.
Lakini chumvi ilikuwa imenyonya jasho la bati hili
ikawa jiwe ndani ya kopo.
Nikachukua nyundo ya Vardges, ile ya kupigia soli,
nikagonga, nikagonga,
kipande kikaruka kikampiga Padre katikati ya paji la uso,
na Vardges akacheka.
Alicheka, Bwana, kwa nusu ya uso uliyomwachia.
Tangu kiharusi sikuwa nimeisikia sauti ile.

Padre akatamka, "Kristo amezaliwa, amefunuliwa!"
akangoja itikio.
Mume wangu amebakiwa na maneno matatu:
ndiyo, chai, na nusu ya jina langu.
Akachagua moja kwa makini.
"Chai," akasema.
"Amina," akasema Padre, akaketi juu ya ndoo.

Kuna mahali katika Injili nilikuwa naparuka, unajua.
Asubuhi ile ya wanawake na manukato yao,
pale ardhi inapotetemeka na jiwe linaondoka.
Kila Pasaka, wakifika hapo,
nilitoka nje ya kanisa nikijifanya nina kikohozi.
Kwa nini utumie chombo kile kile?
Hujanijibu.
Sikukusamehe upesi, nawe hukunihimiza.

Usiku huu, upepo ukipiga bati,
nimepasoma hadi mwisho,
kwa sauti, ili Vardges asikie,
skafu mapajani, pindo lake limeanza kufumuka.
Nikanyamaza kidogo.
Kumbe ardhi inajua pia kufungua.
Kama iliwahi kufungua mara moja tu,
na huyo aliyetoka ametoka na makovu yake,
basi nitaingoja mara ya pili.
Kungoja nakujua. Nimengoja nyumba tangu nywele zikiwa nyeusi.

Na siku hiyo usiniletee malaika wa kunieleza jambo.
Nionyeshe tu amesimama upande gani.
Atakuwa na baridi shingoni.
Skafu ninayo.

Haya, nakaribia kulala.
Nilisema sikukushukuru, na ni kweli, asubuhi sikukushukuru.
Supu ya jioni ilizidi chumvi,
mkono wangu ulikuwa na furaha ya kijinga.
Vardges amemaliza bakuli,
akalilamba kijiko, akasema nusu ya jina langu.

Nusu nyingine nimeijazia mwenyewe.
Asante.