Chumba cha Nne

Iracilda anataka vyumba vinne,
paa bapa la zege, vioo hadi sakafuni,
kama alivyoona kwenye kalenda ya benki, Fortaleza.
Nachora. Nafuta.
Zege hapa hushika joto
kama bahili ashikavyo sarafu.
Naweka matofali ya matundu, vigae vya udongo,
mteremko wa kutosha mvua za Machi.

Saa tisa alasiri, futi kamba mkononi,
nikamwona jirani, mzee Genivaldo,
usingizini katika bembea ya wavu,
shati lake la kazi likipepea dirishani.
Upepo wake wote
hupitia pale
penye chumba cha nne.

Nikamwambia Iracilda: vitatu.
Akanuna. Akahesabu hasara kwa vidole,
vidole vikamwishia.
"Basi hapo patupu," akasema,
"nitaanika mashuka."