Deki ya Elfu Sitini

Sayi alishusha televisheni kutoka Geita,
nchi arobaini na tatu, nyembamba kama sinia,
pembeni ina kibandiko kinachojigamba
kwamba inaonyesha hata vinyweleo.
Tukaitundika. Ukuta wetu wa Mabatini
haukuwahi kubeba kitu kilichouzidi bei.
Ila haina mdomo wa kumeza sidii,
na baba ana sidii moja.

Nikashuka Makoroboi na elfu themanini,
noti za dagaa, bado zinanuka mwalo wa Kirumba,
sidii kwapani ndani ya bahasha ya Bugando,
ile ya eksirei, yenye jina la mama kwa peni ya bluu.
Sikuwa na bahasha nyingine ngumu.

Duka la kwanza lina kiyoyozi na kijana wa tai.
"Hii, dada, inatoa elfu na themanini."
Nikafungua pochi.
Akacheka mpaka tai ikahama:
hiyo ni mistari ya picha, siyo bei;
bei ni laki moja na arobaini.
Basi ijaribu na hii yangu, nikamwambia.
Deki ikatoa ulimi, ikaurudisha, ikaguna, ikafikiri,
ikaandika kwa herufi safi kabisa: HAKUNA DISKI.
Ghali, na haijui kusoma makovu.

Duka la pili, elfu thelathini na tano,
jina la kampuni limekosewa herufi moja kwa makusudi.
Hiyo ilisoma. Hiyo ingesoma hata kifuniko cha sufuria.
Lakini waya zake ni zile tatu, njano, nyeupe, nyekundu,
na picha ilitoka imelowa,
kama nguo iliyoanuliwa kabla ya saa yake.

Magesa anauzia chini ya ngazi.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliomba sidii,
akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la shati.
"Usizungushe. Anzia kitovuni, nenda nje."
Akachomeka waya mmoja, mnene.
Mama akatokea
kwenye harusi ya Kabula, Magu, elfu mbili na sita,
jembe begani, anacheza bugobogobo,
uso wake umekatika vipande vya mraba
kama sakafu ya hoteli.
Nikasema, deki yako mbovu.
"Deki nzima. Kioo ndicho kikubwa, kinasema kweli.
Alichokikosa mpiga picha, mimi sikiuzi."
Alitaka sabini. Nilitoa hamsini na tano.
Tukakutana sitini, waya juu yake,
betri za rimoti nijitegemee.

Jioni baba aliburuta kigoda mpaka puani pa kioo.
"Mmemfanya matofali," akasema.
Hakuna aliyejibu. Sayi akabonyeza vitufe vyote,
mama akawa wa kijani, akanenepa, akarudi.
Mwishowe baba mwenyewe akaanza kurudi nyuma,
kigoda mkononi, hatua, anatazama, hatua,
akavuka kizingiti,
akakaa nje juu ya jiwe tunaloanikia michembe.
Hapo vipande vikashikana.
"Hapo," akasema. "Msimguse."

Tukatoka wote, tukajibana kwenye jiwe,
nyumba tupu, taa zimezimwa, mlango wazi.
Wadudu wa ziwani wakaufuata mwanga,
wakajaa usoni pa mama.
Nikaingia nikawafuta kwa kanga,
nikianzia kitovuni, nikienda nje.

Kuna mkwaruzo mmoja ambao hata Magesa hakuuweza.
Mama anarusha jembe.
Jembe linapaa, picha inaganda,
mpini juu, mikono miwili wazi chini yake.
Rimoti haina betri.
Tunangoja.