Nane ya Kumi na Sita

Orest aliniapia kwa kaburi la mkewe:
kumi na sita zimo, nilizipachika mwenyewe.
Dola mia na ishirini, pamoja na waya zake.
Tukaifunga juu ya kigari cha mjukuu wake cha kutelezea,
tukaikokota thelujini kutoka Selkirk hadi kwangu,
ghorofa ya tatu, lifti mbovu tangu Novemba,
yeye na miaka yake sabini na minne
akipumzika kila ngazi ya tano kama anayehesabu.

Usiku nikaiwasha. Nikaiuliza: una nini?
Ikajibu bila haya:
zilizopachikwa, gigabaiti kumi na sita.
Zinazotumika, nane.

Sasa hiyo ni lugha gani?
Mali bila daftari hupotea bila habari,
lakini hii daftari inalo, imeandika kwa wino,
na bado inakula nusu sahani, inalala na njaa.

Nikamdhania Orest vibaya. Niseme kweli.
Nililala na dhana hiyo siku nne,
na kila nikikutana naye kwenye takataka
nilikuwa na haraka.

Jumapili. Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
hewa kavu, blanketi linatoa cheche nikijigeuza.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta kijisanduku
kimetiwa alama: *weka ukomo*. Nani alikitia?
Nikakifuta. Nikaizima, nikaiwasha.
Nane.
Nikashuka chini zaidi, kwenye ile skrini ya buluu
kabla mashine haijanawa uso,
nikapekua kama mtu anayetafuta hati ya kiwanja.
Nane.

Nikampigia Hijja, mdogo wangu, Korogwe.
Mchana kwangu, kwake saa tatu usiku,
anatafuna kitu.
"Dada, ifungue. Ila kwanza gusa chuma cha bomba la joto.
Mwili wako huko umejaa umeme."
Miaka kumi na moja niko hapa,
hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.
Nikagusa. Ukanirukia kidoleni, mweupe,
nikatukana kwa Kisambaa.

Bisibisi. Vumbi. Manyoya ya paka nisiyemjua.
Vipande viwili, vyembamba kama vitana:
kimoja kimetulia,
cha pili kimekaa upande,
kama mgeni kwenye ukingo wa kiti
ambaye hakuna aliyemwambia karibu.

Nikakichomoa. Meno yake ya dhahabu yamefifia.
Nikayasugua kwa kifutio cha penseli, polepole,
nikapuliza, nikakirudisha,
nikakandamiza kwa vidole gumba viwili
kwa nguvu ambayo hata mimi niliiogopa.
*Ta.*
Na upande wa pili: *ta.*

Giza.
Mlio mmoja, mfupi.
Giza tena, dakika nzima,
Hijja kimya, ameacha kutafuna.

Zilizopachikwa, kumi na sita.
Zinazotumika, kumi na tano nukta tisa.

Hijja akataka tuitafute ile sehemu ya kumi.
"Imekwenda wapi? Tusiiache."
Nikamwambia tuiache.
Mashine imejiwekea yake, haituhusu.

Jioni nikakaanga maandazi,
nikamshushia Orest sita kwenye kopo la siagi.
Akauliza kuna sherehe gani.
Sikumwambia.