Mkanda wa Kwa Shekiondo

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Shilingi hamsini mlangoni, ndala kwapani zisiibwe.
Deki ikaumeza mkanda, ikakohoa.
Jamvini Zamda kanishika kidole,
mimi nimeng'ang'ania kanga yake.

Maiti akafumbua jicho,
umeme ukakatika.

Hakuna aliyepiga ukelele. Tulimsikia tu
Shekiondo akipapasa kiberiti, akitukana nguzo na nyaya.

Njiani kila paka jini,
kila shimizi kambani mtu asiye na kichwa.
Mama akauliza mbona tunahema.
Tumetoka chuoni, tukasema, usiku ule!

Juzi nimeiona tena, kwenye simu:
maiti kapakwa unga wa sembe,
jicho lenyewe gololi.
Nikacheka. Nikataka kumpigia Zamda,
nikakumbuka.

Taa ya uani nimeiacha ikiwaka.