Boriti ya Tatu

Mpangaji alipandisha tangi la lita elfu
pale boriti zinapotokeza nje ya ukuta, juu ya kichochoro,
nyumba ya nyanya, mtaa wa Mkomani.
Wiki ya pili, ndani chumbani,
hatua tatu kutoka ukutani,
sakafu ikavimba.
Vidole vitatu tu, kama mkate wa mofa ulioanza kuumuka.

Baba alipiga magoti, fundi Shebwana,
akalaza uzi, jicho moja akalifumba.
"Uzito uko nje," akasema, "maumivu yametokea huku.
Panapozama kila mtu ataona.
Wewe tazama panapoinuka."

Nilikuwa nimerudi likizo na karatasi zangu,
mistari ya vina vya bahari, ng'ambo kule kusini mwa Java,
ambako sakafu ya bahari hushuka handakini.
Miaka mitatu nimelisoma tuta moja,
tuta pana, jicho haliwezi kulishika:
mwamba unajiinua kidogo kabla ya kwenda chini,
kama mtu anayevuta pumzi.
Miaka mitatu,
na baba kalipata kwa uzi wa pamba.

Nikamwambia: samaki mkunje angali mbichi, mlitufunza.
Bamba la bahari halikunjwi bichi.
Huzaliwa moto, husogea, hupoa,
husogea tena mwendo wa kukua kwa kucha,
huja kupinda limeshakuwa gumu, limeshakuwa zito,
ndiyo maana hupasuka mgongoni.
Na maji ya chumvi huingia katika nyufa
yakashuka nalo
hadi mahali pasipojua maji.

"Na tumboni?"
Tumboni hubanwa, baba.
"Na katikati?"
Katikati mna tabaka jembamba
lisilovutwa wala kubanwa.
Huko juu kunachanika, huko chini kunasagika,
lenyewe limepinda tu, limetulia.

Alinyamaza.
Kidole chake kilifuata ufa wa chokaa
mpaka ulipoishia, chini ya kitanda.
"Hapo," akasema, "ndipo alipokuwa akikaa mamako."

Alasiri tulilimwaga tangi.
Kichochoro kizima kililowa, punda wa Mzee Kupi akagoma kupita,
mpangaji akalalama, akanyamazishwa kwa chai.
Usiku boriti ilialika mara mbili.
Asubuhi sakafu ilikuwa imerudi vidole viwili.

Kimoja kimebaki hadi leo.
Umeme ukikatika, nikienda kutafuta maji ya kunywa,
mguu wangu hukijua gizani.